Maswali ya Wasomaji: Wanafunzi Watano, Sikio Moja

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Moshi na Arusha, na ukiziweka pamoja utaona kwamba karibu zote zinazunguka jambo moja: ni akina nani wale watu wanaojazana katika chumba cha daktari wa masikio, pua na koo kwenye hospitali inayofundisha, wanasomea nini, na makaratasi yale ya utafiti wanayotuomba tusaini ni ya nini? Nimekaa katika vyumba vya namna hiyo kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwanafunzi wa kusukumwa nyuma, kisha nikiwa mwalimu wa kuwasukuma wengine mbele, hivyo nitajibu kwa uwazi, hata pale ambapo jibu linatuelemea sisi madaktari. Barua tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

Shikamoo Daktari. Nina mtoto wa miaka minne anayetokwa na usaha sikio la kulia tangu masika. Tukiwa safarini nje ya mkoa wetu nilimpeleka katika hospitali kubwa inayofundisha. Kijana mmoja alimchungulia, akamwita wa pili, wa pili akamwita wa tatu, mwishowe wakawa watano pamoja na daktari mkubwa. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama ninaridhia. Je, mwanangu alikuwa mgonjwa au ubao wa kufundishia? — Mama wa Pasua, Moshi

Marahaba, mama. Nianze na lile lisilo na mjadala: walipaswa kukuuliza. Mgonjwa anayekwenda hospitali inayofundisha hajauza mwili wake kwa chuo, na mzazi wa mtoto mdogo ndiye mwenye kauli ya nani amguse mwanawe na nani asimguse. Sentensi moja ingetosha: "Mama, hawa ni wanafunzi wangu, unaruhusu wawili wao wamtazame mtoto?" Nimewahi kuisahau sentensi hiyo mimi mwenyewe, asubuhi yenye foleni ndefu, na bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake akanikumbusha mbele ya darasa zima. Sikuisahau tena.

Sasa niwataje watu hao, kwa sababu ukiwajua hofu hupungua. Aliyemchungulia wa kwanza huenda alikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya udaktari, ambaye hupita katika idara hii kwa wiki chache tu kati ya miaka yake mitano ya masomo. Wa pili anaweza kuwa daktari aliyekwisha hitimu na yumo katika mwaka wake mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Wa tatu, ambaye hospitalini wengi humwita residenti, ni daktari kamili, mwenye leseni, aliyerudi shule kusomea ubingwa; huyu ndiye nguzo ya kliniki, ndiye anayelala zamu, na ndiye anayeamshwa saa nane za usiku mtoto akimeza sarafu. Daktari mkubwa aliyeingia mwishoni ni bingwa, na katika hospitali ya chuo mara nyingi ni mhadhiri pia. Ukijumlisha na muuguzi aliyemshika mtoto kichwa na fundi wa kupima usikivu katika chumba cha pili, umeikuta idara karibu nzima, kwa maana idara hizi si kubwa kama watu wanavyodhani.

Ni kwa nini basi lazima wote wachungulie? Fikiria kinachofanyika pale. Mtoto huketishwa mapajani mwa mama, ubavu ukielekea kwa daktari, mkono mmoja wa mama ukikilaza kichwa kifuani na mwingine ukiifunga mikono ya mtoto. Kile kitochi cha kutazamia sikio hushikwa kama kalamu, na kidole cha mwisho huegemea shavu la mtoto, ili akijitupa ghafla chombo kiende pamoja na kichwa chake badala ya kumchoma. Sikio la mtu mzima huvutwa juu na nyuma ili njia yake inyooke. La mtoto mchanga huvutwa nyuma na kushuka kidogo. Kisha unatazama katika tundu lenye upana wa tundu la penseli. Ngoma ya sikio yenye afya ni ya kijivu inayong'aa kama lulu, na mwanga wa kitochi hurudi kwako kwa umbo la pembetatu, ambalo katika sikio la kulia hukaa penye namba tano ya saa ya ukutani na katika la kushoto penye namba saba. Mwanafunzi wa mara ya kwanza haoni lolote kati ya hayo. Huona ukuta mwekundu wa njia ya sikio, akaamini ndiyo ngoma, akaandika "ngoma imevimba". Ni lazima mtu aliyekwisha kuona amgeuzie mkono kidogo tu, labda upana wa ukucha, na hapo ndipo tundu la ngoma linapojitokeza, lenye kingo za duara na usaha unaodundadunda nyuma yake. Hakuna picha ya kitabuni inayofundisha ule mgeuzo wa mkono. Unafundishwa juu ya sikio la mtu, na sikio lenyewe ni la mtoto wa mtu.

Upungufu wa wataalamu nao ni mkubwa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya usikivu ya mwaka 2021, lilieleza kwamba kati ya nchi za kipato cha chini, takriban asilimia 78 zina daktari bingwa wa masikio, pua na koo asiyefikia mmoja kwa kila watu milioni moja. Wataalamu wa usikivu ni haba zaidi: asilimia 93 ya nchi hizo hazifikishi mmoja kwa idadi hiyo. Yule kijana wa kwanza aliyemtazama mwanao pengine hatakuwa bingwa kamwe. Atapelekwa kituo cha afya cha wilaya ya mbali, na huko ndiye atakayekuwa daktari pekee wa masikio ambaye watoto wa tarafa nzima watamwona. Afadhali awe amekwisha kuiona ngoma iliyotoboka.

Hilo lakini halihalalishi watu watano kumrundikia mtoto anayelia. Katika idara iliyopangwa vizuri, bingwa hutazama kwanza, huamua kama kuna la kufundisha, kisha humruhusu mmoja au wawili. Na palipo na kitochi chenye kamera, wote hutazama kwenye kioo mara moja na mtoto husumbuliwa mara moja. Safari nyingine sema tu, kwa sauti ya kawaida: "Ninaomba amtazame mmoja." Una haki hiyo, na matibabu ya mtoto hayapaswi kubadilika kwa sababu umeitumia. Na mama, usaha uliodumu tangu masika ni ugonjwa wa kudumu wa sikio la kati. Usiache kumrudisha kliniki kwa sababu ya kero ya siku ile. Mpaka hapo usiache maji yamwingie sikioni anapooga, na usimtie mafuta ya taa, maziwa ya mama wala majani yoyote.

Kwa nini sikio, pua na koo vina daktari mmoja, wakati jicho na meno kila kimoja kina wake? — Mwalimu, Kiboriloni

Kwa sababu ni vyumba vya nyumba moja, mwalimu, na milango yake ya ndani iko wazi. Nyuma ya pua, juu ya koo, kuna mrija mwembamba unaoingia katika sikio la kati. Kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala zaidi, ndiyo maana mafua ya wiki hii huwa maumivu ya sikio ya wiki ijayo. Daktari anayetibu sikio bila kuangalia pua atalitibu tena na tena.

Kihistoria, lakini, fani hizi zilianza mbalimbali. Aliyewafungulia madaktari njia ya kutazama nyuzi za sauti kwa mtu aliye hai hakuwa hata daktari. Alikuwa mwalimu wa kuimba, Manuel García, ambaye mwaka 1854 alitumia kioo kidogo cha namna ya kile cha madaktari wa meno pamoja na mwanga wa jua, akaliona koo lake mwenyewe likifanya kazi. Upande wa masikio, kliniki mashuhuri ya kufundishia ilifunguliwa Vienna mwaka 1873 chini ya Adam Politzer na Josef Gruber, na madaktari wa nchi nyingi wakaenda kusoma huko. Kuunganishwa kwa fani hizo kulikuja baadaye, na hata leo walio wengi humalizia kwa kujikita katika kimoja: sikio, au pua, au uvimbe wa kichwa na shingo.

Shikamoo Daktari. Niko kidato cha sita hapa Arusha, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Nataka kuwa daktari wa masikio, kwa sababu mdogo wangu ni kiziwi. Ndugu zangu wanasema nitazeeka darasani, na mjomba anasema upasuaji ni kazi ya wanaume. Njia yenyewe ikoje? — Binti wa Sakina

Marahaba, mwanangu. La mjomba nitalimaliza haraka: mfupa mdogo kuliko yote mwilini, ule wa kikuku ulio ndani ya sikio, una urefu wa milimita tatu hivi, na anayeufanyia upasuaji hahitaji misuli ya kubeba gunia la kahawa. Anahitaji mkono usiotetemeka na uvumilivu, na hivyo Mungu hakuvigawa kwa jinsia.

La kuzeeka darasani lina ukweli wake, basi tuhesabu. Shahada ya kwanza ya udaktari ni miaka mitano. Mwaka wa sita ni mafunzo kwa vitendo katika hospitali iliyoidhinishwa, na ukiumaliza ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika linapokusajili kikamilifu. Wengi hufanya kazi miaka kadhaa baada ya hapo, na mimi nawashauri wafanye hivyo, kwa sababu aliyewahi kuwa daktari pekee wa zamu katika hospitali ya wilaya huingia ubingwa akiwa na maswali ya kweli. Ubingwa wenyewe ni shahada ya uzamili ya miaka mitatu hadi minne, kutegemea chuo. Huwezi kufika chini ya miaka tisa au kumi tangu siku ya kuingia chuoni, na wengi huchukua kumi na miwili au zaidi.

Kwa walio Kaskazini, safari yote hiyo yaweza kufanyika bila kuvuka mto Pangani. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 pale Moshi, ni hospitali ya rufaa ya kanda na papo hapo ni hospitali ya kufundishia ya chuo cha tiba kilichoanza mwaka 1997. Dar es Salaam kuna Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Ipo pia njia nyingine ambayo vijana wengi wa Arusha hawaijui ingawa makao yake yako mjini kwao: Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachoitwa COSECSA, kilichoundwa mwaka 1999. Chuo hiki hakina madarasa ya kukaa. Daktari hufundishwa akiwa kazini, katika hospitali zilizokaguliwa na kukubaliwa, chini ya bingwa anayemsimamia; miaka miwili ya kwanza ni misingi ya upasuaji wa jumla, kisha hufuata miaka mitatu ya fani aliyoichagua, na masikio, pua na koo ni mojawapo ya fani hizo. Mwishoni kuna mtihani wa kanda nzima, ambao watahiniwa wa nchi mbalimbali hukutana kuufanya.

Utasoma nini? Mwaka wa kwanza utarudia maumbile ya kichwa na shingo mpaka uyaote usiku, kwa kuwa hakuna sehemu nyingine ya mwili yenye mishipa mingi ya maana katika nafasi ndogo namna hiyo. Mshipa wa fahamu unaoendesha uso hupita ndani ya mfupa ulio nyuma ya sikio, ukikata kona ndani ya mfereji mwembamba. Ukiukata, mgonjwa ataamka uso umepinda, hawezi kufumba jicho. Kwa hiyo kabla ya kuruhusiwa kugusa mfupa huo kwa mtu aliye hai, utautoboa maabara, kwenye mfupa wa maiti, chini ya darubini, kwa keekee ndogo inayozunguka kwa kasi huku maji yakimwagika juu yake ili mfupa usiungue. Mwalimu atakaa kando yako. Atakuambia usisukume, uache chombo kifanye kazi, utazame rangi: mfupa ukianza kuonekana mwekundu-mwekundu, jua mshipa uko jirani. Mifupa ya kwanza utaiharibu. Kila mtu huiharibu.

Baada ya hapo utapewa kazi zisizo na fahari, na hizo ndizo zitakazokutengeneza. Utatoa maharage puani. Usicheke, kuna elimu ndani yake: kitu cha duara hakibanwi kwa koleo, kwa kuwa kitateleza kizidi kuingia, hupitishwa ndoano butu juu yake hadi nyuma, kisha hukokotwa kuja mbele. Harage lililoingia sikioni halisukumwi kwa maji, maana litavimba. Na betri ndogo ya duara, ile ya saa na ya vitu vya kuchezea watoto, haingoji asubuhi, kwani huunguza nyama kwa saa chache na yaweza kutoboa ukuta wa katikati ya pua. Muuguzi wa kliniki anayeijua kazi yake, akisikia tu mama akisema "betri", huwa amekwisha kupanga sahani: taa ya kichwa, mrija wa kufyonza, ndoano mbili. Wauguzi wa namna hiyo wamefundisha madaktari wengi kuliko vyeti vyao vinavyoonyesha, na nakushauri uwasalimie kwa heshima siku ya kwanza.

Kuhusu mdogo wako. Upasuaji wa kupandikiza kifaa cha usikivu ndani ya sikio umekuwa ukifanyika Muhimbili tangu mwaka 2017, lakini hufaa zaidi mtoto akiwahi sana, kabla ubongo haujapitisha umri wa kujifunza sauti, na si kila aina ya uziwi hufaa kwa kifaa hicho. Mpeleke akapimwe, na wakati huo huo jifunzeni lugha ya alama nyumbani, wote, na bibi pia. Daktari wa masikio anayejua lugha ya alama ni mtu adimu. Ukifika huko ukiwa unaijua tayari, utakuwa umewatangulia walimu wako wengi, mimi nikiwa mmoja wao.

Mimi ni ofisa tabibu katika kituo cha afya karibu na Usa River. Kila siku nakutana na masikio ya usaha. Kuna mafunzo gani kwangu, au fani hii ni ya mabingwa tu? — Tabibu

Ndugu yangu, masikio mengi ya nchi hii yako mikononi mwako, si mwa bingwa. Kwa ngazi ya ubingwa utalazimika kupitia shahada ya udaktari kwanza. Hakuna njia ya mkato, na vigezo vya kujiunga kutokea stashahada hutolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu. Lakini huduma ya msingi ya masikio hufundishika kwa muda mfupi, na idara nyingi za chuo hupokea watumishi wa vituo kwa wiki chache wakiombwa kwa barua ya mganga mkuu wa wilaya. Omba.

Kwa sasa, yafuatayo hayahitaji cheti kipya. Nunua kitochi cha sikio chako mwenyewe, kisha tazama kila sikio la mtoto mwenye homa hata kama hakulalamikia sikio. Sikio la usaha likaushe kwa utambi uliosokotwa kwa kitambaa laini safi: uingize, uutoe ukilowa, uingize mwingine, mpaka utambi utoke mkavu, mara tatu kwa siku, mfundishe mama akiwa mbele yako na yeye afanye wewe ukitazama. Ukishakausha ndipo utie matone ya jamii ya siprofloksasini, kwa wiki mbili. Matone yanayomwagwa juu ya usaha hayafiki popote. Na ngoma ikiwa imetoboka, kaa mbali na matone ya jentamaisini, kwa sababu dawa ikipenya hadi sikio la ndani yaweza kuua usikivu uliobaki.

Usimzuie kituoni mgonjwa mwenye uvimbe nyuma ya sikio, uso uliopinda, kizunguzungu au kichwa kinachouma sana pamoja na usaha. Huyo apewe rufaa siku hiyo hiyo. Mtoto anayetokwa na uchafu wenye harufu mbaya tundu moja tu la pua ana kitu ndani mpaka ithibitike vinginevyo. Mtu mzima ambaye sauti imekwaruza zaidi ya wiki tatu, hasa mvuta sigara, atazamwe koo na bingwa, asiongezewe dawa ya kikohozi. Na wale wanaokuja baada ya kukatwa kimeo kwa fundi wa mtaani kwa sababu ya kikohozi cha muda mrefu, watibu jeraha, kisha tafuta kikohozi chenyewe kilitoka wapi. Kimeo hakina hatia, na huenda chanzo ni pumu au kifua kikuu kilichopotezewa muda.

Bwana Daktari, nina miaka 67. Kliniki ya masikio kijana mmoja daktari aliniomba niingie kwenye utafiti wake. Alitaka kuchukua usaha wa sikio langu kwa pamba na kuniuliza maswali, akanipa karatasi nisaini. Sikusaini. Wanangu wanasema ni majaribio, tunafanywa panya. Nilifanya vema au vibaya? — Mzee wa Marangu

Shikamoo mzee. Hukufanya vibaya. Kutosaini karatasi usiyoielewa ni haki yako, na daktari aliyekuomba anajua hivyo. Lakini acha nikueleze ulichoombwa, kisha uamue upya ukirudi.

Kila daktari anayesomea ubingwa analazimika kufanya utafiti wake mwenyewe na kuuandika kuwa tasnifu kabla ya kuhitimu. Huanza na swali, mara nyingi lililomkera kliniki: mbona wagonjwa niliowapa dawa ile ile mwaka jana walipona, na wa mwaka huu wanarudi? Huandika pendekezo, msimamizi wake hulichana mara kadhaa (mimi nimechana mengi, na yangu yalichanwa), kisha hulipeleka mbele ya kamati ya maadili ya utafiti ya chuo. Kamati ile haimuulizi kama ana akili. Inamuuliza mgonjwa ataumia wapi, nani ataona jina lake, na akikataa atatibiwaje. Hata idadi ya wagonjwa watakaoombwa huwa imekokotolewa na kukubaliwa kabla hajamsogelea wa kwanza.

Kuna utafiti wa kumpa mtu dawa mpya na kuangalia itamfanya nini. Huo ndio wanao wanaoufikiria, nao una masharti mazito zaidi. Wako, kwa maelezo yako, ni wa kutazama tu. Kijiti chenye pamba safi kingegusa usaha wako, kikafungwa katika kichupa chake, kikapelekwa maabara. Huko hupakwa juu ya sahani yenye lishe ya vijidudu na kuwekwa katika joto la mwili, nyuzi 37, usiku mzima au siku mbili. Kijidudu kikishaota na kujulikana, hutandazwa kwenye sahani nyingine na juu yake huwekwa vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowa dawa yake. Kesho yake, dawa inayofaa huwa imezungukwa na duara safi, pasipoota kitu. Ile iliyozoeleka na wadudu imezungukwa na majani mpaka mlangoni, kama shamba lililoachwa. Mtu huchukua rula na kupima maduara yale kwa milimita. Majibu ya wagonjwa wengi yakikusanywa, idara hujua ni dawa gani bado inafanya kazi kwa watu wa Rombo, Hai na Moshi, badala ya kutegemea kitabu kilichoandikwa kwa masikio ya Ulaya.

Kama unadhani makaratasi hayo huishia kabatini (na mengine, nikiri, huishia huko), nikupe mfano wa jirani. Kibong'oto, wilayani Siha, ndiko wanakotibiwa wagonjwa wengi wa kifua kikuu sugu. Kwa miaka mingi tiba ya ugonjwa huo duniani kote ilikuwa na sindano za kila siku kwa miezi, za jamii ya kanamaisini, ambazo kwa baadhi ya watu ziliua chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio. Chembe hizo ni kama elfu kumi na tano tu katika kila sikio, na kwa binadamu hazioti tena. Ubaya wake ni kwamba madhara huanzia sauti nyembamba za juu, ambazo hazitumiki sana katika mazungumzo, kwa hiyo mgonjwa huendelea kupiga soga bila kujua, anapoanza kusema "eeh?" uharibifu umekwisha shuka chini. Ni vipimo vya usikivu vilivyorudiwa, katika nchi nyingi na kwa wagonjwa wengi waliokubali kukaa katika chumba kisicho na kelele na kubonyeza kitufe kila wasikiapo mlio, vilivyosaidia kuonyesha bei ya sindano zile. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza kanamaisini, na tiba ikahamia kwenye vidonge. Waliobonyeza vitufe walikuwa wagonjwa kama wewe.

Ukirudi kliniki, mwambie kijana akusomee karatasi kwa Kiswahili, yote, hata kama unajua kusoma. Iwe inaeleza utafiti ni wa nini, utachukuliwa nini, utaumia wapi, siri yako italindwaje, na kwamba unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu na bila kukosa tiba. Iwe na namba ya simu ya kamati ya maadili, si ya mtafiti peke yake. Dai nakala yako uende nayo nyumbani, uwaonyeshe wanao jioni, na kama wana maswali waje nao. Usitegemee kulipwa, nauli yaweza kurudishwa, lakini ukiahidiwa fedha nyingi ndipo uwe na shaka. Kisha muulize swali moja ambalo wagonjwa wachache huuliza: majibu ya pamba yangu nitapewa lini, na nani atabadilisha dawa yangu kama yataonyesha ninayotumia haifai? Asipokuwa na jibu la swali hilo, mzee, mrudishie kalamu yake mpaka akalitafute kwa msimamizi wake.